Mtoto Alale Chali

Jumatatu, Machi

Mama mkwe amewasili kutoka Mahagi na kuku wawili, gunia la viazi na kikapu cha dawa ambazo hakutaka kuzitaja. Amekuja kumhudumia mzazi. Amechukua chumba chetu, maana ndimo alimolala binti yake na mtoto, na kwa adabu ya kwao kama ya kwetu, mkwe haingii anapolala mama mkwe. Tangu saa nane mchana mimi ni mkazi wa sebuleni, pamoja na dada yangu mkubwa aliyekimbia vita huko Djugu, na watoto wake. Kati yangu na mwanangu mpya kuna pazia la maua mekundu.

Usiku nimenunua mega ili nijue mtoto mchanga anapaswa kulala vipi. Nimempata daktari mmoja wa Ufaransa kwenye video, koti jeupe, sauti ya upole. Akasema: "Kamwe msimlaze mtoto..." Hapo mega zikaisha.

Nimemjulisha mke wangu kupitia pazia kwamba tusimlaze mtoto. Ameuliza tumfanye nini. Nimemjibu kwamba sentensi itaendelea kesho.

Jumanne

Sentensi imeendelea. Ni "...kifudifudi, wala ubavu." Mtoto alale chali, usiku na mchana, kwenye godoro gumu lililo bapa, bila mto, bila blanketi, bila mdoli. Awe chumba kimoja na wazazi wake, lakini si kitanda kimoja, angalau miezi 6 ya kwanza. Madaktari wa watoto wa Marekani wanasema hayo hayo katika mwongozo wao wa mwaka 2022.

Sababu yake si ya mchezo. Kuna watoto wenye afya njema wanaolazwa jioni na asubuhi hawaamki, na wataalam wakichunguza hawaoni kitu. Uingereza ilipoanza mwaka 1991 kuwahimiza wazazi wawalaze watoto chali, na Marekani ilipofuata mwaka 1994, vifo hivyo vilipungua kwa nusu hivi, na Uingereza vikapungua zaidi ya hapo. Hakuna dawa iliyogunduliwa, hakuna mashine. Watoto waligeuzwa tu.

Nimeyasoma haya kwa sauti mbele ya pazia. Kimya. Kisha sauti ya mama mkwe: "Baba Furaha, chali analazwa maiti."

Jumatano

Mama mkwe ameendelea na hoja yake asubuhi wakati nanywa chai. Binti yake, mke wangu, alizaliwa katika materinite ya wamisioni, na huko sista mweupe aliwafundisha wazazi: kifudifudi, mtoto asije akapaliwa. "Sasa mweupe mwingine anasema chali. Kesho watasema asimame."

Si uongo. Kitabu cha Benjamin Spock, daktari wa Marekani aliyesomwa na mamilioni ya wazazi, kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 kilishauri mtoto alale kifudifudi, kwa hofu hiyo hiyo ya kupaliwa, na ushauri huo ulizunguka dunia kwa miaka mingi kabla mtu hajahesabu waliokufa. Sista alifundisha alichofundishwa. Nimeona heri nisiseme hivyo mbele ya mama mkwe, kwa sababu angeuliza nani amenifundisha mimi.

Badala yake nimetumia taaluma. Mimi ni mwalimu wa bayolojia. Katika darasa la nne nimechora ubaoni mtu aliyelala chali: koo la hewa liko juu, umio uko chini yake, kwa hiyo maziwa yakirudi yanashukia yalikotoka. Halafu nikamchora amelala kifudifudi: sasa koo la hewa ndilo liko chini, na maziwa yanasubiri mlangoni kwake. Wanafunzi wamenakili vizuri. Somo la leo kwenye ratiba lilikuwa figo. Prefe wa shule alipita, akatazama ubao, akaandika kitu katika daftari lake.

Jioni nimechora upya mchoro ule kwenye karatasi nzuri, na rangi mbili, nikaupitisha chini ya pazia. Mwanangu Furaha anasema koko, yaani bibi yake, ameutumia kuwashia mbabula, jiko letu la makala (makaa).

Alhamisi

Kwa kuwa siwezi kuingia, nimemteua Furaha, mwenye miaka 7, kuwa mkaguzi. Ataingia kabla ya kulala, ataangalia mdogo wake, ataleta ripoti.

Ripoti ya kwanza: "Amelala."

Nimeuliza amelala namna gani. "Na macho amefunga."

Nimempa mafunzo sebuleni. Dada yangu ametoa mtoto wake mmoja wa kufanyia mazoezi. Chali ni hivi, ubavu ni hivi, tumbo linaangalia juu. Ripoti ya pili: "Tumbo halionekani." Sababu: blanketi mbili, kikwembe, shati la sufu, soksi, na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka kwenye nyusi.

Ushauri unasema joto likizidi nalo ni hatari, na kofia ndani ya nyumba haifai, kwa sababu mtoto hupoza mwili wake kwa kichwa. Waingereza wanataka chumba chake kiwe kati ya digrii 16 na 20. Bunia, mji wetu, iko mita zaidi ya 1,200 juu ya bahari, na usiku wetu mara nyingi unakaa humo bila kuagizwa. Ni kanuni pekee ya Uingereza ambayo mtaa wetu wa Mudzipela unaweza kuitimiza bila mtu kutoa pesa. Mama mkwe anaiita baridi.

Ripoti ya tatu haikuja. Mkaguzi alipewa andazi.

Ijumaa

Nimeshuka mpaka Boulevard de Libération kuulizia kitanda cha mtoto. Kipo. Kina nguzo nyeupe, na ndani yake kuna mito midogo iliyofungwa kuzunguka pande zote nne, mto mmoja mkubwa wenye sura ya dubu, na blanketi nene. Kila ambacho daktari wa Ufaransa amekataza kimewekwa humo, kimepangwa, kimefungwa na utepe.

Nimemweleza muuzaji kwamba Marekani, kwa sheria ya Mei 2022, imepiga marufuku kuuza mito hiyo ya kuzungushia kitanda, pamoja na vitanda vya watoto vilivyoinama, baada ya watoto kufa humo. Amesikiliza kwa makini. Akasema mito hailipiwi, ni zawadi ya duka.

Nimeomba kitanda bila mito. Bei ni ile ile, nayo inazidi mshahara wangu wa mwezi. Na bila mito, amesema, si kitanda tena, ni kizimba, na yeye vizimba hauzi.

Nyumbani nimemwomba mke wangu apime kwa hatua nafasi iliyobaki chumbani. Amehesabu kitanda kikubwa, sanduku, mkeka, gunia. Anasema kizimba kingeweza kusimama juu ya viazi.

Jumamosi

Salongo, kazi ya pamoja ya usafi. Nimezibua mtaro mpaka saa nne. Kabla ya kutoka nilikuwa nimetundika chandarua kipya chini ya mparachichi, kwa maana chandarua chenye dawa hupigwa hewa kivulini kwanza, siku nzima, ndipo mtu alale ndani yake.

Niliporudi hakikuwepo. Watoto wa dada yangu walikuwa wamekifunga kwenye goli la upande wa barabara. Timu yetu imeshinda. Chandarua kina tundu la kupitisha mpira.

Dada yangu amelishona tundu kwa uzi mweusi, bila kusema neno, huku akiwatazama wanawe kwa jicho ambalo nao wamelielewa.

Jumapili

Mama mkwe na Furaha wameenda misa. Mke wangu hajalala usiku kucha, nami nikaomba nipewe mtoto ili ajinyooshe kidogo. Nimepewa kupitia pazia. Nilikuwa sijamshika tangu Jumatatu. Amenenepa.

Kwenye suala hili madaktari wote wanakubaliana, wa Ulaya na wa Marekani: mahali pa hatari kupita pote mtu mzima kusinzia na mtoto ni kwenye sofa. Mtoto huteleza kati ya mwili na mto wa kuegemea, na pua yake inazibwa. Sasa mimi huwa nasinzia kwenye sofa hata mkutano wa walimu ukifanyika hapo. Nimetafuta kiti kisichosinziza. Nimepata bidoni ya lita 20, ikiwa tupu, nikaikalia katikati ya sebule, mgongo wima.

Ndipo katekista akabisha hodi, amekuja kupongeza. Amewakuta watoto wa dada yangu wamekaa kwenye sofa na mwenye nyumba amekaa kwenye bidoni. Amesali sala fupi ya amani katika familia.

Jumatatu

Siku ya kupima watoto. Nimemsindikiza mke wangu mpaka kituo cha afya, maana barabarani hakuna pazia.

Mtoto amevishwa suruali ile ya kitambaa, akaning'inizwa kwenye mizani, akalia, akaandikwa. Muuguzi ameuliza kama ananyonya tu bila maji wala uji. Ndiyo. Ameuliza kama analala ndani ya chandarua. Ndiyo, kile chenye uzi mweusi. Akaita mwingine.

Nimebaki nimesimama. Nimesema: "Na kulala chali?" Amenitazama. Nyuma yangu kulikuwa na mistari miwili ya akina mama, nje wengine. Amesema chali ni vizuri, asimfunike uso, baba apishe.

Nimeliwaza jibu lake njia nzima nikirudi. Kwa watu wa Ulaya swali la kwanza la usingizi wa mtoto ni mgongo, kwetu ni chandarua, na kila mmoja ana haki. Kongo ni nchi ya pili duniani kwa mzigo wa malaria, baada ya Nijeria, na wengi wanaokufa nayo ni watoto walio chini ya miaka 5. Na kile kifo kingine hatukihesabu. Ili daktari aseme kwamba mtoto amekufa ghafla usingizini bila sababu, inatakiwa maiti ipasuliwe, mahali alipolala pakaguliwe, na historia yake yote isomwe. Kwetu mtoto akikutwa amekufa alfajiri, watu husema malaria. Wasiposema malaria, humtaja jirani.

Jumanne

Mvua tangu saa kumi na mbili jioni, na upepo. Saa tatu usiku Furaha ameleta ripoti ambayo sikuiomba: "Kwa koko kuna joto muzuri. Mbabula iko ndani."

Hapa sikuandika kwenye karatasi. Nimesimama mbele ya pazia nikasema kwa heshima zote: "Mama, tuitoe."

"Mzazi ana baridi."

"Makala inaua, Mama."

"Makala yenye moshi. Hii imeshika vizuri, hakuna moshi hata kidogo. Ingia uone."

Anajua siwezi kuingia.

Nimemweleza kwamba moshi ni afadhali, kwa sababu moshi mtu anausikia, anakohoa, anatoka. Makala ikishaiva na kuwa nyekundu bila moshi, bado inatoa hewa isiyo na rangi wala harufu, monoksidi ya kaboni. Hewa hiyo hushika hemoglobini ya damu kwa nguvu inayopita ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mtu hafurukuti, anazidi tu kusinzia. Dirisha limefungwa kwa ajili ya mvua. Mlango umefungwa kwa ajili ya upepo. Humo ndani wako watatu, na mmoja wao ana uzito wa kuku wawili.

Dada yangu, ambaye huwa haingilii mambo ya wakwe, amesema kutoka kwenye mkeka wake: "Mama, atoe. Kule tulikokuwa, nimeona." Hakusema ameona nini. Mama mkwe naye hakuuliza.

Imebaki namna. Adabu haikuruhusu mimi niingie akiwemo, na mbabula ilikuwa nzito na ya moto mno kwa mke wangu ambaye bado ana maumivu. Tumeafikiana hivi: mama mkwe akatoka kwa mlango wa nyuma na kusimama chini ya kibaraza amejifunika kikwembe, Furaha akatangaza "ametoka", nikaingia na matambara mawili mkononi, nikaibeba mbabula, nikatoka nayo kwa mlango wa mbele, Furaha akatangaza "ametoka" tena, lakini safari hii alikuwa ananisema mimi, mama mkwe akarudi. Kwa kuwa dirisha lilifunguliwa nusu, mke wangu amepewa shuka langu na koti langu la kufundishia.

Mbabula imenyeshewa, makala yote imelowa. Kesho asubuhi hakuna chai. Nitafundisha nikiwa nimevaa koti la mvua.

Ushauri wote nilioupata kwenye simu, kurasa kwa kurasa, unataja mito, dubu wa kitambaa, viti vya gari na vifaa vya kusikiliza mtoto akiwa chumba kingine. Mbabula hawaitaji. Hawana.

Jumatano

Mtandao hakuna. Mtoto amelala. Sijui upande gani.

Ijumaa, Aprili

Wafaransa wana njia ya kukwepa blanketi. Wanamvisha mtoto kifuko cha kulalia, hakina mikono, kimefungwa mabegani, miguu inacheza ndani, na hakiwezi kupanda kikafunika uso. Nimeiona picha nikampelekea fundi wa cherehani karibu na soko kuu, pamoja na kitenge na kipimo cha mtoto.

Leo nimekichukua. Ni kazi safi. Ameongeza mikono, kwa sababu aliona nimeisahau. Ameongeza kola na mfuko wa kifuani. Na nyuma ameshona kofia kubwa ya kujifunika, bure, kwa heshima ya mwalimu wa mwanawe.

Kimemtosha mtoto wa tatu wa dada yangu, ambaye amekataa kukivua.

Jumanne

Mama mkwe amegundua kwamba kichwa cha mjukuu wake kinaelekea kuwa bapa kwa nyuma. Ameniita mbele ya pazia kama mtu anayeitwa barazani. Kwa hili pia ana haki. Madaktari wanakubali kwamba mtoto anayelala chali anaweza kupata ubapa kidogo, ambao kwa kawaida hurudi wenyewe akianza kukaa. Dawa yake ni kumlaza kifudifudi mchana, akiwa macho, na mtu akimwangalia, apate pia nguvu za shingo.

Mama mkwe amesikia neno moja tu katika maelezo hayo. Saa kumi jioni nimesikia akiwaambia majirani watatu huko nyuma ya nyumba: "Kifudifudi! Amekubali mwenyewe."

Kwa kumbukumbu: kaskazini-magharibi ya hapa, upande wa Isiro, Wamangbetu walikuwa wakifunga vichwa vya watoto wao kwa kamba ili virefuke kwa nyuma, na kichwa kirefu ndicho kilikuwa cha kiungwana, mpaka desturi hiyo ikafifia katikati ya karne iliyopita. Wazungu walipiga picha nyingi. Hakuna bibi katika Kongo ambaye amewahi kukiacha kichwa cha mjukuu kama alivyokikuta.

Alhamisi

Nimelifikia suala ambalo nilikuwa naliahirisha. Mtoto analala kitanda kimoja na mama yake na bibi yake, katikati. Wamarekani wanakataa kabisa. Waingereza hawafungi mlango hivyo. Wao wanauliza maswali: kuna anayevuta sigara? Kuna aliyekunywa pombe au dawa ya kusinziza? Mtoto alizaliwa kabla ya wakati, au na uzito chini ya kilo 2.5? Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, asilale nao. Na kuna mtaalam wa Marekani kwenyewe, James McKenna wa Chuo Kikuu cha Notre Dame, aliyetumia miaka mingi kuwatazama akina mama wanaonyonyesha wakilala na watoto wao maabara, akasema kwamba mama na mtoto anayenyonya wameumbwa walale karibu. Madaktari wa nchi yake hawakumfuata. Bunia ilikuwa imemfuata kabla hajazaliwa.

Hapa nyumbani hakuna anayevuta. Mtoto alizaliwa na kilo tatu na zaidi. Limebaki swali la pombe, na lile kapu la dawa zisizotajwa. Furaha amekagua. Anasema kuna chupa moja, maji meupe, yananuka pombe ya kanyanga, na koko anajisugulia magoti.

Nimemwomba aweke alama ya kalamu kwenye chupa.

Ijumaa

Chupa imepungua kidole kimoja. Magoti ni mawili. Nimeandika "inawezekana".

Jumatatu

Nimemwomba mke wangu mtoto alale upande wake yeye, ukutani kusiwe na ufa, asilale katikati. Kupitia pazia amesema ndiyo. Kupitia pazia hilo hilo nimesikia mama mkwe akiuliza: "Sasa mimi ndiye simba?"

Kule Finlandi kila mzazi ana haki ya kupata sanduku la karatasi ngumu lenye nguo na kigodoro, na mtoto huweza kulala humo humo. Walianza mwaka 1938 kwa maskini, na tangu 1949 ni kwa wote. Sanduku nimelipata bure dukani. Limeandikwa "biskuti" pande zote. Mama mkwe amelirudisha sebuleni na kauli fupi. Kuku mmoja wa Mahagi, aliyebaki, ametagia humo jioni ile ile.

Jumamosi

Nimetoka kwa wafumaji wa vikapu sokoni. Wazo si langu: Wamaori wa Nyuzilandi waliona watoto wao wanakufa usingizini zaidi kuliko watoto wa wenzao, na kuwaambia akina mama "msilale nao" hakukusaidia kitu, kwa sababu kulala na mtoto ndiyo malezi yao. Wakafuma kikapu cha majani, chenye kingo fupi, wanakiita wahakura. Kinawekwa juu ya kitanda cha wazazi. Mtoto yuko nao na bado ana mahali pake, na mkono wa mtu mzima haumfikii usoni.

Nimemweleza mzee mfumaji. Ameuliza kitabeba nini. Nimesema mtoto. Ameuliza tena. Mwishowe amekubali, kwa sharti kwamba nisimwambie mtu ni yeye aliyekifuma.

Alhamisi

Kikapu kimefika, chini bapa, kingo za kiganja kimoja. Mama mkwe amekigeuza, amekipiga kwa vidole, amekisifu ufumaji. Usiku wa kwanza mtoto amelala humo, chali, uso wazi, chandarua juu. Ripoti ya mkaguzi: "Tumbo naliona." Nimelala fofofo kwenye mkeka.

Ijumaa

Kikapu kimeenda sokoni na maparachichi. Dada yangu anauza sasa, ameanza kujitegemea, na kapu lake lilikuwa limekatika mkono. Amekirudisha saa kumi na moja jioni, kimefutwa vizuri. Mtoto amelala na harufu ya matunda.

Nilimwuliza dada yangu, tukichambua sombe, wanawe walilala vipi walipokuwa kwenye kambi ya waliokimbia vita, kabla hajaja kwangu. Amefikiri kidogo. Chini, amesema. Mkeka, juu ya ardhi. Chandarua kilining'inizwa kwenye mti wa hema. Blanketi ilikuwa moja, alijifunika yeye. Mto hakukuwa.

Pagumu, bapa, bila mto, bila blanketi, bila mdoli, chumba kimoja na mzazi. Nimenyamaza, kwa sababu ningeendelea ningekuta nawasifu waliomchomea nyumba.

Jumapili, Mei

Mama mkwe amerudi Mahagi kwa gari la alfajiri. Ameacha viazi nusu gunia, kuku mmoja na mayai yake, na chupa ambayo ina maji ya kawaida. Amemwambia binti yake mtoto alale ubavu mchana na chali usiku, ili kila mtu aheshimiwe.

Nimeingia chumbani kwangu. Pazia nimeliacha, limezoeleka.

Jumatano, Julai

Mtoto amejigeuza. Nimemlaza chali jioni, nimemkuta kifudifudi usiku, nikamrudisha, akageuka, nikamrudisha. Mke wangu ameniambia nisome mpaka mwisho. Kweli, mwongozo unasema hivyo: mtoto akishaweza kugeuka mwenyewe kwenda na kurudi, wewe mlaze chali, kisha umwache akae anavyotaka, mradi kitandani hakuna kitu.

Ijumaa

Mwalimu wa hisabati, ambaye mke wake atajifungua karibuni, ameniomba mafunzo yote kwa maandishi, kwa kuwa amesikia nina ujuzi. Nimemwandikia nyuma ya karatasi ya mtihani. Chali. Uso wazi. Chandarua. Mama anyonyeshe, anayevuta sigara akae mbali, aliyekunywa alale kwingine, na sofa ibaki ya wageni. Mbabula nje, hata mvua ikinyesha, hata mzazi akitetemeka, tafuta koti. Yote hayo pamoja hayafiki bei ya nguzo moja ya kile kitanda cha Boulevard.

Ameuliza kitanda anunue cha aina gani. Nimemwambia kitanda ni biashara, si ushauri.

Na wewe unayesoma shajara ya mtu mwingine bila ruhusa: kama nyumbani kwako kuna mtoto mchanga na kuna mbabula, funga kitabu kwanza uende kuitoa nje.